Shamba la Mbrazili Lililohamia Pemba

Kitabu chenyewe ni kizito kama tofali, na mimi sivipendi vitabu vizito. Binti yangu alininunulia kwenye maonyesho ya vitabu Maskati kwa sababu, alisema, mwanamke wa kwenye jalada anafanana na bibi yake akiwa amekasirika. Ndani mna tamthilia zote za Mbrazili mmoja, zimefasiriwa kwa Kiarabu. Dibaji yasema aliwachoma kwa kejeli wenye mashamba, mahakimu na wanasiasa wa nchi yake mpaka wakubwa wakawa hawathubutu kukaa viti vya mbele, kwa kuogopa kutazamwa na watu wakati wa kucheka. Nilikiweka juu ya friji. Kilikaa huko muda mrefu kikikusanya vumbi la Ibra, mji wetu huku Omani, na vumbi la Ibra halina mchezo.

Nilikishusha mwaka niliostaafu ualimu wa jiografia, nilipoanza kuchoka na televisheni. Tamthilia ya kwanza inahusu hakimu anayelala mahakamani. Kila akilala, tarishi wake hutoa hukumu kwa niaba yake, na hukumu zote zinakuwa za haki. Mji mzima unaanza kumbembeleza hakimu alale, wengine wanamletea mito, wengine maziwa ya moto. Nilicheka peke yangu jikoni, na Mama akanisikia kutoka sebuleni.

"Unacheka nini wewe, kama mwehu?"

Nikamfasiria ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Akasema niendelee. Mama amepindukia miaka themanini. Macho yake yameharibika katikati, anaona kingo za vitu tu, lakini ulimi wake haujazeeka hata kidogo. Jumatano iliyofuata akawaambia wenzake, "Huyu ana kitabu cha mahakimu, msikilizeni."

Jumatano ndiyo siku yao. Asubuhi wanakwenda soko la wanawake, alasiri wanakuja kwetu kunywa kahawa, kula halua na kusema Kiswahili mpaka kiu ya wiki nzima iwatoke. Finjani isiyotikiswa huongezewa kahawa, na kwetu zinachelewa kutikiswa. Wote ni wanawake waliozaliwa Unguja na Pemba, wakaja huku baada ya mapinduzi. Wajukuu zao wakiwajibu kwa Kiarabu hukasirika, kisha nao hujibu kwa Kiarabu. Kuwasomea Kiarabu cha vitabu ni kuwalaza usingizi, kwa hivyo nilikuwa naangalia ukurasa na kutamka Kiswahili hapo hapo, kama kinavyosikika vinywani mwao.

Mama aliweka sharti. Kabla ya sehemu ya mwisho ya kila mchezo, kitabu kinafungwa, na kila mmoja anatoa hukumu yake: angekuwa yeye, angefanya nini? Hakuna kusikia mwisho mpaka wote wamesema. Mchezo wa wanawake wanaosuka lesi ambayo wao wenyewe hawajapata kuivaa ulitugombanisha mpaka adhana ya Magharibi. Sijapata kuwa na darasa kama lile katika miaka yangu yote ya ualimu.

Basi, hayo ndiyo mazuri. Sasa nieleze lililokuwa limetukaa kooni.

Mwana wa marehemu kaka yangu, aliyelelewa na Mama tangu udogoni, alikuwa anataka kuolewa. Yeye ni mfamasia hapa Ibra. Anayemtaka ni mhandisi, anafanya kazi Sur, kijana mpole, anayeswali, anayempigia mama yake simu kila siku bila ya kukumbushwa. Jina lake la mwisho ni la kabila letu, herufi kwa herufi. Na hapo ndipo penye mwiba. Sisi tunalo jina hilo kwa nasaba. Wao wanalo kwa sababu babu wa babu yake alikuwa mtumwa katika shamba la karafuu la wazee wa Mama, Pemba, na alipoachwa huru akabaki na jina la mabwana zake. Watu wa huku hawalisemi jambo hili kwa sauti. Husema tu, "Hao ni watu wetu," na msikilizaji hujua wamekusudia nini. Likija suala la ndoa husema neno moja la fikihi, kafaa, yaani mume na mke walingane. Katika vinywa vingi kulingana huko si elimu wala tabia. Ni nani alikuwa bwana wa nani.

Nasema haya kwa hasira na sitaki kujifanya sina hasira.

Mama wa kijana ndiye shoga mkubwa wa Mama. Walikuja meli moja. Nyumba zao Ibra zimetenganishwa na mfereji wa falaj na bustani ya mitende tu. Alipokuwa akifanya kazi ya ushoni hospitalini, mwanawe alishinda kwetu, akila na kucheza na huyo mwana wa kaka yangu, na Mama akiwaogesha wote wawili katika beseni moja. Kila Jumatano yeye ndiye wa kwanza kuja. Hukaa karibu na mlango, kwenye zulia, hata mito ya ukutani ikiwa mitupu. Hakuna aliyepata kumwambia akae pale, na hakuna aliyepata kumwambia asogee.

Kaka yangu mkubwa, ambaye yuko Nizwa na ana gereji yake Firq, ndiye walii wa msichana, yaani mwenye kumuozesha, kwa kuwa baba yake kafariki. Nilimpigia simu.

"Mimi sina neno," alisema. "Kijana mzuri. Lakini atakalosema Mama ndilo."

"Basi muulize."

"Muulize wewe, uko naye nyumba moja."

"Wewe ndiye mwanamume."

"Ndiyo maana namuogopa," akasema, akakata simu kwa kisingizio cha mteja.

Nami vilevile nilimuogopa. Mama akisema la, halirudi. Msichana alinijia chumbani kwangu akiwa bado na koti lake jeupe la kazini. "Shangazi, mimi sitatoroka na sitakwenda mahakamani kumshtaki ami yangu. Bibi akikataa nitakaa. Lakini sitaolewa na mwengine, na yeye atakufa akidhani nimeridhika. Kwa hivyo useme naye vizuri."

Kusema naye vizuri! Nani aliyepata kusema na Mama vizuri? Nikafungua kitabu cha Mbrazili, na humo katikati nikakuta mchezo niliodhani utanifanyia kazi ambayo mimi sikuwa na ubavu wa kuifanya.

Mchezo huo uko katika shamba la kakao. Kuna mtoto wa mfanyakazi aliyelelewa jikoni mwa nyumba kubwa pamoja na binti wa bwana shamba. Amefundishwa kusoma. Wakija wageni, bwana humwita mbele yao, akamwekea mkono begani, akasema, "Huyu ni mwanangu." Wageni humsifu bwana kwa ukarimu wake, naye kijana hurudi jikoni. Wanakua, wanapendana, na kijana anaamua kwenda kumuomba. Nilifikiri, wanawake wale watalia, Mama atamlaani bwana shamba, na akishamlaani nitamwambia, haya Mama, sasa tuseme ya kwetu. Hiyo ndiyo hila yangu yote. Nilijiona mjanja sana.

Kosa langu lilikuja katika sentensi ya kwanza.

"Kakao?" aliuliza mjane mmoja wa kutoka Sur, ambaye huja kila Jumatano kwa gari la mwanawe na Kiswahili chake kimejaa Kiarabu. "Yaani ile ya kuchanganya na halib, na maziwa? Inaota mtini ile?"

Nikaeleza. Ganda, mbegu, utelezi mweupe wa ndani. Nikaona macho yanaanza kulegea. Sikutaka kuipoteza alasiri kwa tunda. Nikasema, "Haya, basi si kakao. Ni karafuu. Na si Brazili, ni Pemba." Nikang'oa shamba zima, nikalivusha bahari, nikalipanda kwenye vilima vya Pemba. Mimi mwalimu wa jiografia!

Sijapata kuona wasikilizaji wakiamka vile. Mmoja alisema kama ni Pemba basi ni msimu, na kama ni msimu majamvi yametandazwa uani na karafuu zinaanikwa. Mwengine akasema mvua ikinyesha wote wakimbie kuanua. Wakabishana juu ya harufu ya mikono baada ya kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kama inatoka kwa limau au haitoki. Mama ndiye aliyejenga nyumba. Aliijenga kwa mikono, hewani: ngazi hapa, roshani huku inayotazama uwanja, jiko kule nyuma, mbali, moshi usije kwa wenyewe.

"Sisi watoto tukikaa roshani," alisema, "wachumaji wakija na mapakacha tunawatazama. Walikuwa wakiimba vizuri, wallahi."

Mama wa mhandisi alikuwa pale mlangoni, finjani mkononi, akisikiliza na tabasamu dogo. Nilimtazama nikajuta. Lakini hadithi ilikuwa imeshaondoka, na gari likishateremka kilima huwezi kushuka.

Walilia kama nilivyotaka. Nilipofika pale wageni wanapocheka na kijana anarudishwa jikoni na sahani zao, Mama alipiga paja. "Huyo bwana shamba hana dini. Unamwita mtu mwanangu kisha unampa masufuria!" Wengine wakaitikia. Mjane wa Sur peke yake alikuwa kakunja uso, anafikiri.

"Taib," alisema. "Lakini hili shamba, ngazi yake, roshani yake, mimi kama nalijua. Hili si lenu?"

"Mashamba yote yalifanana," Mama akasema, na akaomba halua.

Wiki nzima hakunitajia mchezo ule. Mara mbili tatu nilimkuta kakaa kaelekea dirishani ambako haoni kitu, akisogeza midomo. Nilidhani ni tasbihi.

Jumatano iliyofuata walikuja wote, na mapema. Nilisoma mpaka pale kijana anapovaa shati la kuazima, anapanda ngazi ambayo hajapata kuipanda ila kwa kazi, anasimama mbele ya bwana shamba na kusema lililomleta. Hapo nikafunga kitabu, kidole ndani, kwa sharti la Mama. Wakati wa hukumu.

Wakaanza kwa zamu. Ampe. Ampe, kijana kasoma. Ampe lakini wahame, wasikae shamba lile. Mmoja alisema asimpe, maana watoto watakaozaliwa watasemwa, akazomewa mpaka akacheka mwenyewe. Mama alikuwa wa mwisho, kama kawaida ya wakubwa.

"Ampe," alisema. "Ana adabu, ana kazi, msichana anamtaka. Anataka nini tena huyo mzee, malaika?"

Ndiyo hii, nikasema, sasa. Nikatafuta sauti ya kuanzia. Lakini kuna mtu alinitangulia.

Mama wa mhandisi alikuwa ameinuka kutoka mlangoni. Alikuja katikati ya zulia na finjani yake iliyojaa, akapiga magoti mbele ya Mama kwa taabu, maana naye magoti yake ni mabovu, akaiweka finjani chini bila ya kuigusa mdomoni.

Chumba kizima kilijua maana yake. Huku mtu mwenye haja nzito huiweka kahawa chini, hainywi mpaka mwenye nyumba aseme "kunywa," na akisema hivyo haja imekubaliwa. Ni jambo la wanaume katika mabaraza yao. Mimi sijapata kumuona mwanamke akilifanya.

"Nani huyo?" Mama aliuliza, kwa kuwa haoni ila kingo.

"Ni mie, bi mkubwa. Leo nna haja." Akaisogeza finjani kidogo mbele. "Nimekuja kumuomba mwana wa marehemu, kwa ajili ya mwanangu. Ningeleta wanaume, lakini wanaume wakija ukawakataa, mie na wewe hatutatazamana tena. Nimeona nije mwenyewe."

Kutoka jikoni nilisikia bomba la maji likifungwa. Msichana alikuwa huko.

Mama alinyoosha mkono akautafuta uso wa shoga yake, akaupata, akaushika shavuni kwa mapenzi ya kweli. Hilo nataka lijulikane. Yalikuwa mapenzi ya kweli.

"Shoga yangu," alisema, "una nini leo? Mwanao ni mwanangu mimi. Nimemlea kwa mikono yangu hii. Nitamuozesha vipi dada yake?"

Mjane wa Sur akadakia kabla sijapumua. "Kwani ulimnyonyesha? Kama ulimnyonyesha, haramu, khalas, tumemaliza."

"Nimnyonyeshe nini!" Mama alikasirika. "Nilikuwa bibi tayari!"

Wawili watatu walicheka, kwa woga, kisha wakaona haya. Na kicheko kile kilikuwa kimeshamaliza kazi yake, maana sheria ya maziwa ndiyo pekee ingeweza kumfanya ndugu, na maziwa hayakuwapo. Mama aliligundua hilo pia. Alirudisha mkono mapajani, akageuza uso upande wangu.

"Wewe, soma. Tumeshahukumu. Bwana shamba kasema nini?"

Nilikuwa na kidole changu kwenye ukurasa, na nilikuwa naujua mstari ule tangu siku nilipouchagua mchezo. Ningeweza kuubadilisha. Ningesema bwana shamba alicheka akakubali, au alifoka akamtukana kijana kwa matusi ambayo Mama hajapata kuyatamka, na Mama angepona aibu. Nilikwisha hamisha shamba zima kutoka bara moja mpaka jengine. Sentensi moja ingenishinda? Lakini nilimuona yule mama aliyepiga magoti, anaangalia finjani yake, na hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nikasoma kama ilivyoandikwa.

"Bwana shamba anamwekea kijana mkono begani. Anasema: Wewe ni mwanangu, nimekulea mwenyewe. Nitakuozesha vipi dada yako?"

Feni ilikuwa ikizunguka.

"Umeyatia wewe maneno hayo," Mama alisema.

"Hapana, Mama. Yameandikwa."

"Yaliandikwa lini? Mimi nimeyasema sasa hivi!"

"Yaliandikwa kabla hujayasema."

"Lete." Akakichukua kitabu, akakishika kichwa chini miguu juu, akapitisha vidole kwenye karatasi kama mtu anayechagua mchele. Mama wa kijana aliinuka kwa kushika bega la jirani. Alisema asalamu alaikum, akatafuta viatu vyake, akatoka. Finjani ilibaki katikati ya zulia, imejaa, na wanawake wakaondoka mmoja mmoja wakiizunguka. Hakuna aliyethubutu kuitoa.

Usiku ule msichana alinisimamia mlangoni. Hakuwa analia, afadhali angelia. "Shangazi, nilikwambia useme naye vizuri. Hukusema. Umempa kitabu kiseme, na kitabu kimemfedhehesha mbele ya watu. Sasa hata akitaka kukubali ataona haya."

Alikuwa kasema kweli. Nimefikiri sana baadaye juu ya mwandishi yule na ukali wake. Alijua kuandika mchezo unaowatoa watu jasho kwenye viti vyao, na huko kwake pengine ilitosha, maana waliotoka jasho walikwenda kila mtu nyumbani kwake. Sisi tulikuwa nyumbani tayari. Wiki nzima Mama alizungumza nami maneno ya lazima tu: dawa, maji, saa ya swala. Simu ya kaka kutoka Nizwa hakuipokea.

Jumatano ikaja. Walikuja wachache. Mlangoni, kwenye zulia, hapakuwa na mtu. Mama hakumuulizia, lakini kila mlango ulipofunguliwa aligeuza sikio, na kila aliyeingia alipotoa salamu aliangusha mabega. Hakukusomwa kitu. Waliondoka mapema, nikabaki nikikusanya finjani.

"Yule kijana wa kitabuni," alisema ghafla, "akafanya nini?"

"Aliondoka, Mama. Aliteremka ngazi, pazia likafungwa."

"Na mama yake?"

"Mama yake nani?"

"Mama yake huyo kijana! Hana mama? Kaota mtini kama hiyo kakao yako?"

Nilifungua kitabu, nikatafuta. Mama wa kijana yumo katika sehemu ya kwanza, anapita na beseni. Tena anapita katika sehemu ya pili. Hasemi neno. Nikamwambia Mama hivyo.

"Hakumpa hata neno moja?"

"Hata moja."

"Basi huyo mwandishi wako naye hajui kitu," Mama alisema. "Kumtukana bwana shamba kazi gani? Kila mtu anajua kumtukana bwana shamba. Mimi mwenyewe nimemtukana." Akasugua magoti. Nilipomtazama niliona machozi yanamtoka, na sijui alikuwa akimlilia nani. "Kaja peke yake," alisema. "Kapiga magoti yale mabovu. Mwanamke mtu mzima. Nami nikamjibu kwa utamu, nikadhani nimemfanyia hisani." Kisha akapangusa uso kwa kanga, kwa hasira. "Nipe buibui langu."

"Unakwenda wapi?"

"Kwani mimi mfungwa?"

Tulitoka, yeye na mkongojo wake, mimi nimemshika upande wa pili, na msichana, aliyekuwa ndiyo kwanza karudi kazini, akatufuata nyuma bila ya kuuliza. Tukafuata mfereji. Njiani ndipo nilipogundua kitu. Miaka yote hiyo shoga yake alikuja kwetu, Jumatano kwa Jumatano, Idi kwa Idi, misiba na arusi. Mama hakupata kwenda kwake. Ilibidi nimuulize msichana mlango ni upi.

Alitufungulia mwenyewe. Alimuona Mama kwenye kizingiti chake, akafunga mdomo kwa kiganja. Kisha adabu ikamrudia, akatukaribisha, akatandika, akaleta tende na mdila wa kahawa. Kilikuwa chumba safi, na ukutani palikuwa na picha ya mwanawe na joho la chuo kikuu. Mama hakuweza kuiona. Alikaa kwenye mto aliooneshwa, akapokea finjani, akaishika kidogo kwa mikono miwili, kisha akapapasa zulia mbele yake na kuiweka chini.

Hakuna mwanamke wa kwetu anayekwenda kuomba mume kwa ajili ya binti yake. Haijawahi. Kaka yangu alipoambiwa baadaye aliuliza kwenye simu kama Mama ni mzima. Lakini alikwisha sema, atakalosema Mama ndilo, na neno lake likamfunga.

"Nna haja, shoga," Mama alisema.

Mwenye nyumba alijitilia kahawa yake, akainywa, pole pole, wakati sisi tunamtazama. Msichana alinishika kidole changu cha mwisho kama alivyokuwa akinishika alipokuwa mdogo barabarani.

"Mwanangu ulimlea," alisema mwishowe. "Ulimlisha na ulimuogesha, na Mungu atakulipa. Lakini si mwanao, bi mkubwa. Mie ndiye niliyemzaa, na babu wa babu yake alikuwa mtu wa wazee wako, na hilo tunalijua sote na hatujapata kulisema. Ukimtaka, mtake akiwa na babu yake huyo. Usimtake kwa kuwa ni wako."

Nilifikiri Mama atainuka aondoke. Namjua Mama.

"Si mwanangu," alisema. Ilimtoka kwa shida, nadhani kwa sababu alikuwa akimpenda. "Ni mtoto wa watu. Nimekuja kwa watu wake kumuomba."

"Haya," alisema shoga yake. "Kunywa."

Mama akaitafuta finjani, akaipata. Kahawa ilikuwa imeshapoa. Aliinywa yote, akainyoosha mbele bila ya kuitikisa, akaongezewa.